Mahari Iliyongoja Dola Ipande

Kama wiki jana ulipitwa, vuta kiti. Hapa hatumfungii mtu mlango.

Tulimwacha Jacky wa Doonside mikosi yake ikiwa imepanga foleni. Ukumbi aliokodi kule Rooty Hill ulikuwa umemtoka mikononi kwa sababu mwenye ukumbi alimpa mtu mwingine siku ile ile. Mbuzi wa kuchoma walikuwa wamefika wamegandishwa, ngumu kama mawe ya msingi. Na binti yake wa pekee, Bridget, nesi, alikuwa amekataa katakata kumwacha Olivier, kijana wa Kikongo wa kule Liverpool ya hapa Sydney, ingawa Jacky alikuwa ameapa mbele ya akina mama wa kanisa kwamba ndoa hiyo itafungwa yeye akiwa kaburini.

Basi hakwenda kaburini. Alimeza kiapo chake, akakiteremsha kwa chai ya tangawizi, akatangaza kwamba ruracio itafanywa nyumbani kwake. Wakikuyu wanajua neno hilo. Wengine mjue tu kwamba ni siku ya kina mume kuleta mahari, na kwamba hakuna siku mama wa binti hujiona mkubwa kama hiyo.

Jumamosi ikafika. Nyumba ikajaa hadi bafuni. Na kama unamjua Jacky, unajua nyumba ikijaa na yeye moyo hujaa.

"Nani amechukua mwiko wangu wa mukimo?" alikuwa akipiga kelele jikoni. "Nyinyi mkija kwangu mnabeba hadi vijiko! Njeri! Njeri, wako langoni?"

"Wako langoni, na hawaingii!" Njeri alijibu kutoka nje.

Njeri alikuwa rafiki yake wa tangu walipofika Australia, na siku hiyo ndiye aliyekuwa bwana lango. Mila ni kwamba wageni waimbe, wabembeleze, watoe chochote, ndipo lango lifunguliwe. Lango lenyewe lilikuwa lile la chuma la kando ya gereji, la kupitishia mapipa ya taka, lakini siku hiyo lilikuwa na utepe.

"Mmekuja kutafuta nini? Hapa si duka!" Njeri aliwauliza.

"Tumekuya kutafuta ua letu!" alijibu Bibiane, mama yake Olivier, mama mnene wa Bukavu mwenye kitenge cha zambarau na kilemba kirefu. "Mufungue basi, dada! Baridi ya huku haina huruma, inatupiga hadi ku mifupa!"

"Maua yako dukani. Lango ni dola hamsini."

"Hamsini! Njo bei ya pango hiyo?"

"Bibi, tuma kwa simu. Hapa hatutaki noti, tuko na namba."

Akina mama wa pande zote mbili wakaangua kicheko. Bibiane akatoa simu, akatuma, akaanzisha wimbo. Wimbo wa Kikongo ukagongana na wimbo wa Kikuyu katikati ya lango, na jirani mzungu akatoka na kikombe chake cha kahawa kuja kuona. Jacky, mwiko mkononi, akachungulia dirishani, machozi yakamlenga.

Alimfikiria mama yake.

Mama yake alifariki kwao Karatina, Kenya, mwanzoni mwa Machi, mwaka wa 2024. Jacky hakumzika. Lakini kuna jambo moja lililomshika mkono tangu siku hiyo, nalo alikuwa akilisema kila mara, hata kwa watu wasiouliza: "Mama yangu alienda akiwa amekula mahari yangu. Mume wangu Njenga alimaliza. Dola ilikuwa mia na tano."

Hapa nikueleze kidogo, la sivyo hutaelewa kilichofuata.

Wengine huhesabu maisha kwa miaka. Jacky na watu wake huhesabu kwa dola ya Australia imebadilishwa kwa shilingi ngapi za Kenya. Alifika Sydney dola ikiwa themanini hivi. Bridget alimaliza shule dola ikiwa sabini na tano. Wakati wa korona ilishuka hadi sitini na kitu, watu wakalia kuliko walivyolilia ugonjwa. Ukimuuliza Jacky gari lao la kwanza lilinunuliwa lini, hatakupa mwaka. Atakwambia, "Dola ilikuwa sabini na mbili, nakumbuka."

Na aliyewafundisha hesabu hiyo ni Njenga, mume wake, dereva wa basi, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akikatiwa njia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha basi alikuwa akiweka bei ya dola kwenye kundi la simu la kanisa. Watu wakamwita Mzee wa Dola. "Mzee, nitume leo ama ningoje?" Naye angejibu kama daktari: "Ngoja kidogo." Au, "Tuma leo."

Msimu mkubwa wa maisha yao ulikuwa ule wa mwisho wa Januari, 2024, dola ilipopanda ikapita mia na tano. Haijawahi kuonekana. Njeri alituma, akaezeka nyumba ya wazazi wake mabati. Watu walituma hadi pesa za kodi ya nyumba. Na Njenga, jioni moja, aliingia na kuku wa kukaanga na chupa ya soda, akamwambia Jacky, "Mama Bridget, nimekumaliza. Nimetuma yote, elfu kumi, kwa mia na tano. Wewe sasa ni mke wangu hata mbele ya wahenga."

Jacky alicheza jikoni peke yake.

Sasa turudi kwenye shughuli.

Lango lilifunguliwa, wageni wakaingia, wakakalishwa upande wa dirisha. Baba yake Olivier, Mzee Balagizi, alivaa koti la suti na soksi nene za kazini, zile za bohari, kwa kuwa viatu viliachwa mlangoni. Wenyeji wakakaa upande wa ukuta. Katikati, juu ya kabati, kulikuwa na televisheni kubwa, na ndani ya televisheni kulikuwa na Kariuki.

Kariuki ndiye kaka mkubwa wa Jacky, mjomba wa bibi harusi. Huko Karatina ilikuwa saa nne asubuhi, hapa giza likianza kuingia, amevaa kofia ya sufu, uso wake umejaza kioo chote hadi mtu angeweza kuhesabu meno.

"Mnanisikia?" alipaza sauti.

"Tunakusikia hadi Liverpool," Njeri akasema. "Punguza."

Wakaomba. Wakatambulishana. Balagizi akasimama, akakohoa.

"Wazee, sisi hatuna maneno mingi. Kwetu ku Congo mahari tunapima na dola ya Amerika, juu ya faranga yetu iko nakimbia kuliko mwizi. Lakini kwenu munapima na shilingi, na huku tunalipwa na dola ya Australia. Kwa hiyo kijana wangu amepiga hesabu tatu hadi kichwa kimemuuma. Mumuhurumie."

Nyumba nzima ikacheka. Hata Kariuki alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasogeza uso.

"Mzee Balagizi, umesema vizuri. Nimekupenda. Lakini kabla hujafungua mkoba wako, nina neno na watu wa nyumba yangu. Ningelisema faraghani, lakini Njenga hapokei simu zangu tangu Jumatatu."

Jacky akamtazama mume wake. Njenga alikuwa akitazama zulia.

"Baba hali mbuzi wa binti," Kariuki akaendelea, "kama mbuzi wa mama wa huyo binti hawajakwisha. Hiyo si sheria yangu, niliikuta. Mahari ya Bridget haiwezi kupokelewa katika nyumba hiyo. Mahari ya Jacky bado."

Mtu alikuwa akitafuna sambusa, akaacha.

Jacky ndiye aliyecheka wa kwanza. "Kariuki, umekunywa nini asubuhi hii? Njenga alimaliza! Milioni moja mliyotaka, na ikabaki."

"Sikupata milioni moja. Nilipata laki nane na nusu. Laki moja na nusu iko nje."

"Laki nane na nusu?" Jacky akainuka, mwiko bado mkononi. "Elfu kumi, mara mia na tano. Hata mtoto wa chekechea! Ni milioni moja na nusu laki! Kariuki, umekula laki mbili za mahari yangu, halafu unakuja kunidai kwenye televisheni yangu, mbele ya wageni wangu?"

"Jacky, pima maneno."

"Nipime nini? Ile pikipiki yako ya mwaka jana niliuliza imetoka wapi! Niliuliza!"

"Mum, please," Bridget akasema kutoka mlango wa korido, amevaa gauni lake la kijani na shanga. "Not today."

"Leo ndiyo siku yenyewe! Aseme!"

Wageni wa Kikongo walikaa kama watu waliopanda basi lisilo lao. Bibiane alimshika mkono mumewe. Mwenyeji akivuana nguo na nduguye, mgeni ataangalia wapi?

Kariuki alivua kofia. Hapo Jacky aliona kwamba kaka yake amezeeka.

"Umeniita mwizi mbele ya watu," akasema polepole. "Sawa. Sikutaka kusema, lakini umenisukuma. Shilingi sikula hata moja. Pikipiki ni ya mkopo wa wakulima wa majani chai. Na siku pesa ya Njenga ilipoingia, dola yenu haikuwa mia na tano. Ilikuwa themanini na tano."

"Haiwezekani."

"Hesabu mwenyewe. Elfu kumi, mara themanini na tano."

Jacky hakuhitaji kuhesabu. Themanini na tano! Aliijua kama anavyojua siku aliyojifungua. Dola ilianguka kutoka mia na tano kama mtu aliyekosa ngazi: Februari ikateleza, Machi ikaporomoka, na ilipofika themanini na tano ilikuwa Aprili. Pasaka ilikuwa imepita.

Na mama yake alizikwa katikati ya Machi, dola ikiwa tisini.

Mwiko ulimponyoka.

"Kariuki," akasema, na sauti haikuwa yake. "Iliingia mama akiwa…"

"Ikiingia, maua ya kaburi yalikuwa yamekauka."

"Lakini nilimpigia! Nilimwambia mama, Njenga amemaliza! Akanibariki!"

"Alikubariki. Halafu akawa ananiuliza kila asubuhi, imefika? Namwambia bado. Imefika? Bado. Siku za mwisho akaniambia, usimwambie Jacky, ana kazi nyingi, atagombana na mume wake bure. Ndiyo maneno yake. Na siku ya mazishi, wewe ukasema kwa simu, kwenye spika, wazee wote wakisikia: namshukuru Mungu mama ameenda akiwa amekula mahari yangu. Ningekujibu nini, dada? Ningekukata mbele ya jeneza?"

Jacky aligeuka. Kiti cha Njenga kilikuwa kitupu.

Alimkuta chumba cha kufulia, kile kijumba chenye mashine na kikapu cha nguo chafu, amesimama kama mtu anayengoja nguo zikauke. Mashine haikuwa imewashwa.

"Funga mlango," Njenga akasema.

"Sifungi. Wameshasikia yote, na hii wasikie. Ulituma lini?"

"Aprili."

"Januari uliniambia nini?"

"Jacky, nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa nimeandika kila kitu, imebaki kubonyeza. Nikaona mia na tano na nukta mbili. Asubuhi yake nikaona mia na tano na nukta nane. Watu wote walisema itafika mia na kumi. Mia na kumi, Jacky! Ningemaliza mahari, ibaki laki nzima. Nilitaka kumnunulia mama yako tangi la maji. Anachota mtoni mama wa miaka sabini. Nilitaka mshangae nyote wawili."

"Ndiyo maana ukaniambia umeshatuma?"

"Nilijua ningetuma kesho yake. Neno langu lilitangulia kidogo tu."

"Kidogo!"

"Halafu ikashuka mia na tatu. Nikasema itarudi. Subira huvuta heri. Ikashuka tisini na nane. Mimi ndiye Mzee wa Dola, Jacky. Nimeambia kanisa zima nilituma kwa mia na tano. Ningesimamaje niseme nilingoja? Kila mtu alisema shilingi inaenda kaburini."

"Aliyeenda kaburini ni mama yangu."

Njenga akaweka mkono juu ya mashine ya kufua, kama mtu anayetafuta kitu cha kumshika.

Sebuleni mtu alipunguza sauti ya televisheni. Hapo Jacky alikumbuka jambo jingine. Lilimjia polepole, kama maji yanayopanda kwenye sakafu.

Siku ile mama alipokufa, yeye alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi akapiga magoti mbele ya Njenga, akasema, nataka kwenda. Nitafutie tiketi, hata ya kupitia nchi saba, nataka kumzika mama yangu. Na Njenga akamkumbatia, akalia naye, akamwambia: Mama Bridget, hatuna. Akaunti imekauka. Tumetoa yote kwa mahari.

Hakwenda. Aliona mazishi kwenye simu, ameiegemeza kwenye taulo safi katika stoo ya mashuka kazini, saa ya mapumziko. Picha ikakatika walipokuwa wakiteremsha jeneza. Iliporudi, watu walikuwa wakinywa soda.

"Njenga," akasema. "Machi, niliponyenyekea kwako nikitaka tiketi. Ile elfu kumi ilikuwa wapi?"

Njenga akafungua kifuniko cha mashine, akakifunga.

"Nakuuliza kwa Kiswahili rahisi. Ilikuwa wapi?"

"Kwa akaunti yangu."

"Yote?"

"Yote."

"Na tiketi ilikuwa kama elfu mbili."

"Jacky, ningetoaje pesa niliyokuambia nimeshaituma? Ningekwambia imetoka wapi? Nilikaa kwa basi, kituo cha mwisho, nikalia. Abiria walikuja kuniuliza kama mimi mgonjwa. Naapa."

Jacky alimtazama mtu huyu aliyempikia uji alipokuwa na mimba, aliyemfundisha kuendesha gari barabarani bila kumfokea hata mara moja. Hakuwa mlevi. Hakuwa na mwanamke wa pembeni. Angekuwa na mwanamke, Jacky angejua pa kuanzia.

"Na ile laki moja na nusu iliyobaki? Mwaka na zaidi umepita. Kwa nini hukuimaliza?"

Njenga akainamisha kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

"Nilisema ikirudi mia na tano…"

Jacky alicheka. Ni cheko lililowatisha waliokuwa sebuleni kuliko kelele zote za mwanzo.

"Leo dola ni ngapi, Mzee wa Dola?"

Na Njenga, kwa mazoea, kama mtu anayeulizwa jina lake, akajibu: "Themanini na nne."

Jacky akatoka.

Sebuleni watu walijifanya wanatazama vitu vingine. Njeri alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa. Bridget alikuwa amesimama karibu na Olivier, na alipomwona mama yake alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu shule ya msingi hujibu kwa Kiingereza tu:

"Mama, tuache. Tutafanya siku ingine."

Mzee Balagizi naye aliinuka, akainama kwa heshima.

"Mama Jacky, samahani, mimi ni mugeni. Lakini kama ni ile kidogo imebakia, muniruhusu. Tutaongeza ku mahari ya Bridget, tufunike haya. Kati yetu. Hakuna mutu atajua."

"Baba Olivier, Mungu akubariki," Jacky akasema. "Lakini mwanao hawezi kunioa mimi na binti yangu siku moja."

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakizima.

"Jacky," Kariuki akaita kutoka kwenye kioo. "Nisikilize. Hasira ni hasara. Neno lako linatosha. Mila inamuuliza mwanamke mwenyewe. Nikikuuliza mbele ya wageni kama umelipiwa, na wewe ukisema ndiyo, mimi nafunga mdomo, wazee huku wanafunga mdomo, na Bridget anaolewa leo. Laki moja na nusu si kitu, mnaweza kumalizana ninyi kwa ninyi. Sasa nauliza mara moja tu. Binti ya mama yangu, umelipiwa?"

Ndiyo moja tu. Nyama ilikuwa tayari, mukimo ulikuwa ukipoa, wageni walikuwa wametoka Liverpool kwa magari matano, binti yake alikuwa amesuka nywele siku mbili. Neno moja, na nyumba ingelipuka kwa vigelegele, na Jacky angekuwa mwenye shughuli nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa Doonside.

Njenga alikuwa amesimama mlango wa korido. Alimtazama. Macho yake yalisema, tafadhali.

Mama yake alisema usimwambie Jacky. Alikufa na neno hilo mdomoni ili binti yake alale vizuri.

Jacky alikwenda alipokuwa ameketi, upande wa wenyeji, kiti cha mama wa binti, kando ya kiti cha Njenga. Akakinyanyua kile kiti. Akakibeba mbele ya watu wote hadi kwenye kabati, akakiweka kando ya televisheni, bega kwa bega na uso wa kaka yake. Akakaa. Akapanga lesso yake magotini.

"Sijalipiwa," akasema.

"Mum!"

"Keti, mwanangu. Hakuna aliyekukataza mume. Olivier ni kijana mzuri, nilimsema vibaya, nisamehewe. Lakini foleni ni foleni, na mimi ndiye wa mbele." Akamgeukia Njenga. Hakupandisha sauti. "Mimi nimekaa kwetu. Huyu hapa kaka yangu. Kama una neno na watu wetu, humu ndani si mahali pako. Pita nje. Simama langoni kama walivyosimama wageni wetu. Bisha. Useme umekuja kutafuta nini, na umechelewa kwa sababu gani. Useme kwa sauti, Njeri asikie, jirani asikie, mama yangu asikie huko aliko. Ndipo nitajua kama nitafungua."

Njeri aliweka kitambaa chake mezani.

Njenga alimtazama Bridget, akatazama televisheni. Halafu akavaa viatu vyake, taratibu, akifunga kamba moja moja. Alipopita jikoni alinyoosha mkono juu ya friji. Kulikuwa na mlio mdogo wa chuma. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Walimsikia akipita kando ya ukuta. Hatua kwenye kokoto. Lango la mapipa likalia, likafunguka, likafungwa. Sasa alikuwa nje.

Wote wakageuza masikio upande huo. Njeri alisogea dirishani, asithubutu kuchungulia. Hata Kariuki, kule Karatina, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza.

Bibiane ndiye aliyemhurumia. Yeye aliyekuwa ameimba langoni hapo hadi kupigwa na baridi mifupani alianza kuimba tena, chinichini, wimbo ule ule wa kuomba kufunguliwa, kama mtu anayemwazima mwenzake sauti. Mwanamke mmoja wa Kikongo akamwitikia. Kisha wa pili.

Jacky aliangalia mikono yake. Alingoja hodi.

Badala ya hodi, gari likanguruma.

Bibiane alikata wimbo katikati. Taa za gari zilipita kwenye pazia, zikafagia ukuta, zikaondoka.

"Where's Dad going?" Bridget akauliza. "Mum? Where's he going?"

Na kutoka kwenye televisheni, kwa kuwa sauti ya huko hufika ikiwa imechelewa kidogo, Kariuki akasema kwa furaha ya mtu aliyesikia alichokuwa akikingoja:

"Nimesikia kitu! Jacky, amebisha?"